Panda Ulale Kwanza

Sebuleni balbu iko juu, mita mbili na ushei kutoka sakafuni, na ni nadra jicho kukutana nayo ana kwa ana. Ndani ya Land Cruiser iliyogeuzwa kuwa chumba cha kulala, ukikaa kitako juu ya godoro, balbu hiyohiyo iko mkono mmoja tu kutoka usoni. Mwanga ambao nyumbani hakuna ambaye angeulalamikia, humo unachoma macho. Mafundi wengi wa umeme wa magari hawalioni jambo hili, kwa sababu hufunga taa mchana kweupe, milango wazi, wao wenyewe wamesimama nje.

Arusha yuko fundi mmoja asiyefanya hivyo. Karakana anayofanyia kazi huandaa magari ya kukodishwa kwa wageni wanaojiendesha wenyewe kwenda Serengeti na Ngorongoro, yale yenye paa la kuinuka, jiko la gesi nyuma na friji ndogo. Kabla hajagusa waya humwambia mwenye gari, "Panda ulale kwanza, kaka." Kaka hucheka. Kisha hupanda, hulala, na fundi humpa kitabu cha risiti akishike kama anayesoma. Hapo ndipo chaki hutoka mfukoni. Huchora alama mbili kwenye fremu ya dari: pale mwanga utakapotoka kuangukia kitabu, na pale macho yanapoelekea msomaji akichoka na kutazama juu. Alama ya kwanza itapata taa. Ya pili haitapata kitu, hata mteja asisitize vipi.

Zamani kiasi kilijileta chenyewe. Balbu ya dari ya gari ilikuwa ya wati 10 hivi, nyingi zikiishia kwenye joto, na ukiwa na betri iliyochoka, kusahau balbu mbili tatu zikiwaka usiku kucha kulimaanisha kusukuma gari asubuhi. LED imeondoa woga huo. Mkanda wa wati 4.8 kwa mita, ukifungwa mita mbili, hula chini ya ampia moja. Friji ndiyo inayomaliza betri. Basi watu hujaza. Utakuta gari limezungushiwa mkanda kutoka mlango hadi mlango, ukiwasha ni kama umeingia duka la simu.

Yeye hutumia vipande vifupi. Mkanda wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita hukatwa kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, kwa hiyo urefu anaupanga atakavyo. Kipande huingia kwenye chaneli ya alumini inayokipoza, na juu yake kifuniko cheupe kinachovunja vidoti vya taa viwe mstari mmoja laini. Kisha chaneli hufichwa nyuma ya ukingo wa kabati, ikitazama juu. Unaona dari limeangaza. Taa yenyewe huioni. Ndiyo maana huuliza mapema dari litavalishwa nini. Mbao ya vanishi ya kung'aa itaonesha mkanda wote aliouficha, na kitambaa cha kahawia kitameza mwanga mwingi kabla haujamfikia mtu.

Kwenye rangi hana mjadala. Anataka kelvini 2700, wekundu-manjano ulio karibu na balbu za zamani, na siyo ile 6500 yenye weupe wa kibuluu iliyojaa madukani. Sababu ya kujaa kwake inaeleweka ukijua LED nyeupe imetengenezwaje. Kiini chake ni cha buluu, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na juu yake hupakwa unga wa njano ili mchanganyiko uonekane mweupe. Unga ukipungua, mwanga unaotoka kwa wati zilezile huongezeka na namba kwenye boksi hupendeza. Ila buluu iliyozidi ndiyo inayouambia mwili kwamba bado ni mchana, wakati wewe unatafuta usingizi. Roli hununua moja kwa gari zima, maana roli mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana kidogo, na katika chumba cha hatua tatu kidogo hicho kinaonekana.

Maboksi mengi hayasemi kama taa inaonesha rangi za vitu kwa ukweli. Yeye hupima kwa kiganja. Huwasha kipande, huweka mkono chini yake, na ngozi ikionekana ya majivu mkanda unarudi dukani. Juu ya jiko ni lazima zaidi: taa isiyo na wekundu wa kutosha haikuoneshi kama nyama imeiva.

Kipimo chake cha dima ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Dima za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka haraka, na zile za hovyo hazina haraka ya kutosha. Jicho halioni kuzimika huko, lakini kichwa huanza kuuma. Fundi hupunguza taa hadi chini kabisa, anachukua bisibisi na kuipunga mbele ya mwanga. Ikionekana kama ukungu mmoja mrefu, dima imefaulu. Zikionekana bisibisi tano zimejipanga kama feni, anaichomoa bila neno.

Halafu kuna volti. Betri tunayoiita ya volti 12 si ya 12: injini ikiwaka, altaneta huipandisha hadi 14 na ushei, na sola hufanya vivyo hivyo. Ndani ya mkanda, kila taa tatu zinakula karibu volti 9, na zinazobaki hubebwa na rezista ndogo. Kwenye 12 rezista hubeba 3, kwenye 14.4 hubeba zaidi ya 5, na umeme unaopita huongezeka kwa zaidi ya nusu. Mkanda hupata joto, na baada ya miezi vipande vinaanza kufa kimoja kimoja. Yeye huweka kidhibiti cha volti na kukishusha hadi 11. Mwanga unapungua kidogo, lakini haubadiliki tena, injini iwake au izimwe. Wateja wengine hudhani amewapunja.

Taa ya mwisho ni nyekundu, chini karibu na mlango, na hii wageni huishukuru wakirudi. Kambi za Serengeti hazina uzio, na fisi hupita usiku. Anayetoka kwenda chooni anahitaji macho yaliyokwisha zoea giza, jambo linalochukua nusu saa hivi, na mwanga mwekundu hafifu hauyaharibu kama mweupe. Wadudu nao hawaufuati sana kama wanavyoufuata wa buluu, ingawa msimu wa mvua, kumbikumbi wakitoka, dawa ni kuzima kila kitu na kufunga neti.

Swichi ya nyekundu huwa na umbo tofauti na nyingine, ili kidole kiitambue gizani. Ziko mbili, moja mlangoni na moja kando ya mto. Kila njia ina fyuzi yake karibu na betri, namba imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na nyuma ya kila taa amekunja waya wa ziada wa kutosha, ili fundi wa Mwanza au Kigoma atakayelifungua gari hilo siku moja asilazimike kuunga.