Kilio Kilichopangwa

Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na aya mbili za kwanza zinamuuliza Mungu swali lilelile mara nne. Halafu linakuja ombi, fupi kuliko kilio. Mwisho tumaini, fupi kuliko ombi. Fundi aliyeitunga aliijua pumzi ya mtu aliyelia mpaka akaanza kutulia.

Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake jijini Los Angeles walionyesha kwamba mtu anapotazama picha ya uso wenye hasira au hofu, kisha akaitaja hisia hiyo kwa neno, utendaji wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, hupungua. Hawakuwa wanapima sala. Lakini aliyefiwa mara nyingi hana neno hata moja la kutaja kilichompata, na hapo ndipo Zaburi inapomfaa: maneno yapo tayari. Kwa desturi ya Kiyahudi maiti haiachwi peke yake kabla ya mazishi, na anayekaa nayo husoma Zaburi usiku kucha. Hakuna anayemdai atunge chochote.

Aya ya Zaburi kwa kawaida ina vipande viwili, kama ukwapi na utao wa mshororo wetu, ila hapa kinachorudi si kina, ni wazo: kipande cha pili hulichukua la kwanza na kulizamisha zaidi. Watawa wa Kibenedikto huimba wakiwa pande mbili zinazotazamana, upande huu aya moja, upande ule inayofuata, na katikati ya kila aya hunyamaza kidogo, wote pamoja. Hasira ya mtunzi haipoi kwa kunyamaza huko, ila haiwezi tena kukimbia. Inalazimika kuvuta pumzi.

Ninayoistahi kuliko zote ni Zaburi ya 88. Haigeuki kuelekea sifa. Inaanza katika dhiki na neno lake la mwisho kwa Kiebrania ni la giza. Waliokusanya kitabu wangeweza kuiongezea aya moja ya faraja. Hawakufanya hivyo, na mwenye sonona akiisali halazimishwi kujifanya amepona.

Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, inataka Zaburi zote 150 zisaliwe kila wiki. Basi hata mtawa aliyeamka na furaha atafika kwenye ile ya 88, na ataisali kwa sauti ya mtu mwingine anayeihitaji siku hiyo.