Jawabu Jema la Hesabu na Namna ya Kulitambua

Atakaye kupima umahiri wa mtu katika hesabu za mafumbo ya kila siku asianze na jawabu, maana jawabu sahihi laweza kuja kwa bahati: katika mtihani wa KCPE, uliofanywa Kenya tangu 1985 hata 2023, karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali 50, kila moja na majibu manne ya kuchagua, na mtoto wa Maua au Runyenjes aliyetia alama bila ya kusoma hata neno moja aliweza kutarajia kupata kama 12. Ithibati ya ustadi imo katika njia, na humo la kwanza kutafutwa ni kama mwenye kuhesabu amejiuliza: sehemu hii ni ya kitu gani?

Twaa mfano wa muuzaji wa maharagwe katika soko la Gakoromone, mjini Meru, aliyenunua gunia la kilo 90, akauza thuluthi yake siku ya kwanza, na siku ya pili akauza robo ya yaliyosalia. Mwanagenzi, kwa pupa ya kuona thuluthi na robo zimeandamana, huzijumlisha akapata sehemu 7 kati ya 12, akamwachia muuzaji kilo 37 na nusu. Wala hakukosea kujumlisha, bali amesahau kwamba robo ile haikuwa ya gunia. Ajuaye huondoa kilo 30, zikabaki 60, akaondoa 15, zikabaki 45. Lakini fundi hasa, na hapa ndipo ilipo ladha ya kazi, hagusi kilo mpaka mwisho: robo tatu ya thuluthi mbili ni nusu ya kitu kizima, gunia liwe kubwa au dogo. Huyo nampa alama ya juu, kisha natazama kama amerudi sokoni, kwa kuwa nusu ya gunia, kwa gorogoro ya kilo 2, ni gorogoro 22 na kilo moja juu, na aandikaye hivyo nampenda kuliko aandikaye 22.5.

Katika kuhesabu vitu kipimo ni chepesi. Mstari wa kahawa wa futi 90 katika miteremko ya Embu, miche ikiachana futi 9, ukianza kwa mche na kuishia kwa mche, una miche 11. Asemaye 10 amehesabu nafasi.

Uwezekano ndio mtihani mkali. Kikapu kina makadamia 10, mbili zimeoza ndani wala kwa nje hazitambulikani, na mnunuzi atwaa mbili bila ya kuchagua: ana bahati gani ya kupata nzima zote mbili? Asemaye 64 kati ya 100 amemrudishia muuzaji ile ya kwanza kabla ya kutwaa ya pili, jambo ambalo fumbo halikulitaja. Jawabu jema ni 8 kwa 10, kisha 7 kwa 9, kwani kikapu kimepungua na nzima zimepungua pia; zikizidishwa ni 28 kati ya 45. Mwenye idili hulihakiki kwa njia nyingine, akaona kwamba jozi zote ziwezazo kutoka katika kumi ni 45, na zilizo nzima tupu ni 28. Na awezaye kuziandika jozi hizo 45 kwa mpango, bila ya kurudia wala kuruka hata moja, hahitaji kuulizwa swali jingine.