Mafuta, Plagi na Mkanda: Uhakiki wa Istilahi katika Kitini cha Injini za Dizeli

Mara kwa mara ofisi ya istilahi hupokea miswada ya vitabu vya ufundi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ili itolewe maoni kabla ya kupigwa chapa. Miongoni mwa iliyotufikia ni kitini kinachohusu utunzaji na matengenezo ya pikapu kuukuu zenye injini za dizeli. Kimekusudiwa madereva wa idara, wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na mafundi makanika wa miji midogo. Hatutamtaja mfasiri wala taasisi iliyomwagiza, kwa kuwa nia yetu si kumuumbua mtu. Kasoro tutakazozieleza zimo katika maandishi mengi ya namna hii, na yafaa zijadiliwe hadharani ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazitambue popote watakapokutana nazo.

Huenda msomaji akauliza: ya nini kujishughulisha na magari ya zamani? Jawabu ni kwamba hayo ndiyo magari yanayofunguliwa chini ya mwembe. Injini ya dizeli ilipewa hataza nchini Ujerumani mwaka 1893 kwa jina la Rudolf Diesel, na ile ya kwanza iliyofanya kazi barabara ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Kwa muda wa karne nzima iliyofuata, pampu na nozeli za magari ya dizeli zilitawaliwa zaidi na chuma na springi kuliko umeme. Kuanzia mwaka 1997 magari madogo yalianza kuuzwa yakiwa na mfumo mpya wa kusukuma dizeli kwa kanieneo kubwa unaoongozwa na kompyuta. Gari la mfumo huo likiharibika hupelekwa kwa mwenye mashine ya kulisoma. Lakini Landrova ya zamani, au Hilux yenye injini ya aina ya 2L au 3L, yaweza kutengenezwa na fundi mwenye spana, bisibisi na akili timamu. Fundi huyo akipewa kitabu kibaya, hana kompyuta ya kumsahihisha.

Sifa za kitini

Ni haki tuanze na mema. Mfasiri ameyaacha mahali pake maneno ambayo gereji imekwisha yazoea: injini, silinda, pistoni, ringi, gasketi, klachi, breki, rejeta, betri na stata. Ameandika vali, neno ambalo wanafunzi wamekwisha lipata katika somo la biolojia wanapofundishwa moyo. Na kwa kweli kazi ya vali ya moyo na ya injini ni moja, yaani kufungua na kufunga njia kwa wakati wake. Zana amezitaja kwa majina yake ya asili: tupa, koleo, jiriwa, patasi. Usukani nao ameuita usukani. Neno hilo lilikuwa la vyombo vya baharini kabla ya kupanda garini, na hakuna dereva aliyewahi kulalamika kwamba limemchanganya.

Twataja hayo kwa sababu yanaonyesha kwamba mfasiri ana sikio zuri. Kasoro zake hazikutokana na kutojua Kiswahili. Zimetokana na kutoitazama injini yenyewe wakati wa kuchagua neno.

Mafuta

Kasoro ya kwanza, nayo ndiyo kubwa, ni matumizi ya neno mafuta. Mfasiri ameliepuka neno oili tangu mwanzo hadi mwisho, yaonekana kwa kudhani kwamba si Kiswahili safi. Matokeo yake ni kwamba dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, oili ya giaboksi ni mafuta, na kile kinachotiwa katika breki nacho ni mafuta. Dereva anaagizwa apime mafuta kila asubuhi na kuongeza yakipungua. Mafuta yapi?

Hili si suala la ufasaha tu. Breki za pikapu hizo zina ringi na vikombe vya mpira vilivyotengwa kwa ajili ya kimiminika maalumu. Mtu akitia oili ya injini humo, mpira huvimba na kulainika, na breki hukosa nguvu. Kadhalika, pampu ya kusukuma dizeli katika injini nyingi za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake; petroli ikitiwa kwa makosa, vyuma vya pampu husagana vikavu. Basi neno moja lililotumika kwa vitu vinne laweza kumpeleka mtu korongoni, au kuipeleka pampu ya thamani kubwa jalalani.

Mafundi wamekwisha litatua jambo hili zamani. Kwao dizeli ni dizeli, oili ni oili, grisi ni grisi. Hata mwanakijiji asiye na gari hujua oili chafu, kwa kuwa huipaka katika nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Neno lililofika hadi kwenye nguzo za nyumba haliwezi kuitwa geni. Twapendekeza kwamba katika maagizo ya ufundi neno mafuta lisisimame peke yake. Iandikwe dizeli, petroli, oili ya injini, oili ya giaboksi, na mafuta ya breki kwa ukamilifu wake kila linapotajwa. Neno vilainishi libaki kuwa jina la jumla la oili na grisi, kama linavyotumika katika shughuli za biashara na udhibiti.

Plagi

Kasoro ya pili yaonyesha jinsi istilahi mbovu inavyozaa maelezo mabovu. Katika sura ya kuwasha gari asubuhi, kitini kinataja plagi ya cheche. Yeyote aijuaye injini ya dizeli atashangaa. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa pekee huingia katika silinda na kugandamizwa hadi kufikia karibu sehemu 1 ya 20 ya ujazo wake. Kwa kugandamizwa huko hupata joto la nyuzi zaidi ya 500 za Selsiasi, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Katika injini nyingi za zamani kuna kijiti cha chuma kinachopata moto kwa umeme wa betri ili kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi. Mafundi wengi hukiita hita, na wengine plagi.

Mfasiri, baada ya kukiita kijiti hicho plagi ya cheche, amelazimika kukipa tabia za plagi ya cheche. Anamwagiza mwanafunzi akisugue kwa waya na kupima mwanya wake. Mwanya haupo. Mwanafunzi mtiifu atautafuta asiuone, kisha ama atajidhania mjinga, ama atakigonga kijiti mpaka kivunjike. Kipimo kinachostahili hapo ni cha umeme: kuona kama mkondo unapita katika kijiti na kama kinapata moto.

Twapendekeza plagi ya joto kwa kijiti hicho, na plagi ya cheche ibaki katika injini ya petroli. Majina hayo mawili yakiwekwa sambamba, mwalimu anapata somo zima kuhusu tofauti ya injini mbili, bila ya kutumia ubao.

Bomba na pampu

Neno bomba lilitujia kutoka Kireno, na huko maana yake ni pampu. Katika Kiswahili limechukua pia maana ya mrija, na siku hizi hiyo ndiyo maana inayomjia msomaji kwanza. Kitini kinalitumia kwa maana zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Kinasema bomba la dizeli likivuja lifunguliwe, lisafishwe na kukazwa upya. Ikiwa ni mrija, agizo ni sawa. Ikiwa ni pampu ya kusukumia, agizo ni la hatari, maana pampu hiyo imepimwa kwa vipimo vidogo mno na haifunguliwi kando ya barabara. Hupelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuipimia.

Hapa lugha imekwisha tupatia maneno mawili, bomba na pampu. Kilichobaki ni kila moja kukaa kazini pake. Aidha, pampu zenyewe ni mbili: ya kuvuta dizeli kutoka tangini, na ya kuisukuma kwenda katika nozeli. Kitabu kisichozitenganisha hakiwezi kumfundisha mtu kutafuta ugonjwa wa gari.

Mkanda

Katika jedwali la matengenezo ya mara kwa mara tumekuta mkanda wa muda. Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba ni mkanda uliofungwa kwa muda tu, mpaka upatikane mwingine wa kudumu. Kumbe mfasiri alikusudia ule mkanda wenye meno unaozungusha kamshafti ili vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Katika baadhi ya injini mkanda huo huagizwa ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni huweza kugonga vali, na injini ikaharibika papo hapo. Mkanda wa feni ni kitu kingine: huonekana kwa nje, na ukikatika dereva huona taa ya chaji au joto la maji likipanda, akapata nafasi ya kusimama.

Mafundi husema taimingi, nasi hatuoni sababu ya kuwanyang'anya neno hilo. Iandikwe mkanda wa taimingi na mkanda wa feni, na pale ambapo injini hutumia mnyororo badala ya mkanda, kama zilivyo Landrova nyingi za zamani, iandikwe mnyororo wa taimingi. Mtumishi anayejaza daftari la gari naye aache kuandika mkanda umebadilishwa. Atakayelishika gari baada yake anahitaji kujua ni upi.

Kutengeneza

Neno hili lawahusu zaidi watumishi wa serikali. Twasema gari limetengenezwa Japani, na twasema gari limetengenezwa gereji. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika hati ya malipo hautuokoi. Ikiandikwa kwamba ilifungwa pampu iliyotengenezwa, mkaguzi wa hesabu hawezi kujua kama ilinunuliwa mpya au ilirekebishwa ile kuukuu, na tofauti ya bei ni kubwa.

Twapendekeza kuunda kwa kazi ya kiwandani, kutengeneza kwa kuondoa ubovu, utunzaji kwa kazi za kila siku na kila kipindi, na ukarabati kwa kuifungua injini yote na kubadilisha vilivyochakaa. Kushusha injini, kama wasemavyo mafundi, kubaki na maana ya kuitoa katika gari, ingawa kwa kweli huinuliwa juu. Si kila injini iliyoshushwa imekarabatiwa, na hati zisichanganye mambo hayo mawili.

Upepo, shokomzoba na difu

Mfasiri amesahihisha kila mahali usemi wa mafundi wa kutoa upepo, akaandika kutoa hewa. Mwalimu wa fizikia atamwunga mkono: upepo ni hewa iendayo. Hata hivyo, dizeli ikiisha tangini na hewa ikaingia katika mirija, fundi husema gari limeingiza upepo, na kila aliye karibu huelewa kwamba pampu haiwezi kujenga kanieneo kwa sababu hewa hugandamizika. Maoni yetu ni kwamba hewa itumike katika maelezo ya kisayansi, na kutoa upepo kuachwe kuwa jina la kazi hiyo ya ufundi. Jina la kazi si fasili yake.

Mwisho, mfasiri amebuni kifyonza mishtuko mahali pa shokomzoba, na kitofautishi mahali pa difu. La kwanza limefasiri pia kosa la Kiingereza. Kinachopokea mshtuko wa shimo la barabarani ni springi. Shokomzoba huituliza springi isiendelee kurukaruka. Shokomzoba, likiwa limetoholewa zima zima, halisemi uwongo wowote. La pili halimwambii msomaji kwamba difu huyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi zisizolingana gari likatapo kona. Neno jipya lisiloeleza zaidi ya neno lililozoeleka halina kazi ya kufanya.

Hitimisho

Kwa jumla kitini hiki kinastahili kupigwa chapa, baada ya kusahihishwa. Kosa lake ni kulipima neno kwa asili yake, kama ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza, mahali pa kulipima kwa kitu kinachotajwa. Katika ufundi, swali la kwanza ni kama neno hili laweza kumfanya mtu ashike chuma kisicho chake.

Twawashauri wafasiri wa vitabu vya aina hii wafanye jambo moja kabla ya kuvileta kwetu. Maagizo yasomwe kwa sauti mbele ya fundi aliye na injini iliyofunguliwa, naye aombwe aguse kila kinachotajwa. Akigusa vitu viwili kwa neno moja, au akisita asijue aguse nini, neno hilo liandikwe pembeni. Orodha ya maneno hayo ndiyo tuitakayo, na ofisi yetu itaifanyia kazi kabla ya nyingine yoyote.