Nani Alipwe kwa Jina la Kanga?

Soma msemo huu kwa sauti, taratibu, ukihesabu mizani: MLA NAWE HAFI NAWE, ILA MZALIWA NAWE. Nusu ya kwanza ina mizani 8. Nusu ya pili, 8 vilevile. Jumla 16, ukwapi na utao, kama mshororo kamili wa shairi. Aliyeupanga hivyo alikuwa na sikio la mshairi, na hatujui jina lake. Methali ya kale ni ya wote, haimdai mtu. Lakini kila mwaka kanga mpya hutoka na majina mapya, yaliyotungwa na watu walio hai, na hayo nayo hayana sahihi ya mtunzi. Hapo ndipo panaponiuma.

Tutazame kwanza jinsi biashara yenyewe ilivyojengwa. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, yaani msemo wake. Ilianza bila jina. Anayetajwa zaidi kwa kuingiza maandishi ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kama Abdulla, ambaye duka lake lilianza 1887. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kirumi.

Kwa hesabu za biashara, ule ulikuwa ubunifu mkubwa. Ua lilelile na rangi ileile, ukibadilisha jina, unapata bidhaa nyingine kabisa. Mwanamke mwenye doti kumi sandukuni atanunua ya kumi na moja kwa sababu jina lake linasema alilokuwa nalo moyoni. Anataka jirani alisome anapopita uani. Anataka mkwewe alione siku ya harusi, au mama alipokee pamoja na kitambaa kama shukrani. Wengi wetu tukizungumzia misemo tunasifu hekima yake na kusahau jambo hili: mnunuzi wa msemo hanunui maneno ya kusoma, ananunua maneno ya kumfikishia mtu. Ndiyo maana jina zuri la kanga huacha nafasi. Halimtaji anayesemwa. Kila mwenye ugomvi au mapenzi yake analivaa likamtosha.

Sasa tazama alama ya duka lile: "Mali ya Abdulla". Iko kwenye kitambaa hadi leo, na akina mama wengi huitafuta kabla ya kulipa. Mfanyabiashara alitia jina lake kwenye nguo, nalo likageuka mtaji wa vizazi. Aliyeleta msemo hakutia lake.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kutunga misemo tu? Yupo aliyefanya hivyo, na njia yake inafaa kuchambuliwa. Ashleigh Brilliant, mzaliwa wa London mwaka 1933, alihamia Marekani, akasomea historia hadi shahada ya uzamivu, kisha katika miaka ya 1960 akaanza kuchapa misemo yake kwenye postikadi. Kila msemo haukuzidi maneno 17. Kila mmoja ulipewa namba na alama ya haki miliki. Alijiwekea ukomo wa misemo 10,000 na akaufikia.

Ufundi wake ulikuwa wa aina tofauti na wetu. Alikwepa vina na michezo ya maneno, ili msemo utafsirike kirahisi. Sisi utamu wetu uko humohumo alimokwepa: kwenye mizani, kwenye fumbo, kwenye neno lenye maana mbili. Msemo wa Kiswahili ukihamishwa lugha hunyauka. Nadhani hiyo si hasara tupu. Msemo uliofungwa kwa mizani hubeba alama za vidole vya aliyeutunga, na anayeuiba hawezi kudai kirahisi kwamba naye alijikuta amesema vilevile.

Kilichomlipa Brilliant hasa ni ulinzi. Sheria ya Marekani kwa kawaida hailindi majina, vichwa vya vitabu wala kaulimbiu fupi. Kampuni moja ilipochukua misemo yake miwili na kuichapa kwa ajili ya tisheti, alikwenda mahakamani, na mwaka 1979 mahakama ya shirikisho huko California ikakubali kwamba semi zake zinastahili haki miliki. Tangu hapo barua yake ya madai ikawa na meno. Mtangazaji David Brinkley alipotoa kitabu ambacho jina lake lilikuwa msemo wa Brilliant, Brilliant alidai, akalipwa dola 1,000. Kwa maneno sita, hayo si malipo haba.

Hesabu yake ni rahisi kuiona. Postikadi moja huleta senti chache. Msemo uleule ukienda kwenye postikadi, kitabu, safu ya gazeti na fulana, huku kila mmoja akilipia ruhusa, unazaa mara nne. Anayeuza jina la kanga kwa malipo ya mkono kwa mkono huuza mara hiyo moja, kisha hulikuta kwenye kikombe, kwenye kioo cha bajaji na kwenye simu za watu asiowajua.

Sheria zetu hazijamtupa mtunzi. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na zote humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Udhaifu uko kwenye ufupi: msemo mmoja wa maneno manne ni vigumu kuutetea peke yake. Mkusanyiko wa misemo 100 ni kazi ya uandishi, na ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania Bara au KECOBO ya Kenya, zinaweza kuusajili. Kwa hiyo wewe unayetunga, kusanya kwanza. Andika daftarini, tia tarehe, sajili, halafu ndipo uende kwa muuza jumla. Mkikubaliana, karatasi itaje ni doti ngapi zitachapwa, malipo yakoje toleo likirudiwa, na kama msemo unaruhusiwa kutoka kwenye kanga kwenda kwenye tisheti.

Na ninyi wauza kanga wa jumla, wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, mnaojua kuliko yeyote kwamba doti hutoka dukani kwa sababu ya jina: pindoni pana nafasi ya alama yenu. Tieni hapo na jina la mtunzi, kwa herufi ndogo, na mlipeni kila mnaporudia kuchapa.