Anaketi na Ameketi

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, mjukuu wangu aliniletea bahasha nene yenye kurasa 94 zilizopigwa chapa. Ulikuwa mswada wa filamu. Alikuwa ameupeleka kwenye shindano fulani, na jibu alilopata lilikuwa la mistari miwili tu: mswada haukufuata umbo linalotakiwa, kwa hiyo haukusomwa. Hakuna aliyemwambia kama hadithi yenyewe ni nzuri au mbaya. "Babu," akasema, "wewe ulikuwa unawakata watu maksi kwa sababu ya pambizo. Hebu niambie kama hawa nao wana haki."

Swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia, na sababu yake nitaieleza hapo mbele. Kwanza nilimtaka anifundishe hayo masharti, maana mimi filamu nazijua kwa kuzitazama tu.

Masharti yenyewe ni ya Hollywood, na ni makali kuliko ya ofisi yoyote niliyowahi kuiandikia barua. Herufi ni za aina moja, Courier, zilizobuniwa na Howard Kettler wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950 kwa ajili ya taipureta. Kila herufi, iwe i au m, hushika nafasi sawa, kumi katika inchi moja. Pambizo ya kushoto ni inchi moja na nusu, ili karatasi zipate kutobolewa na kufungwa kwa pini za shaba. Kila onyesho lina kichwa chake kwa herufi kubwa: kwanza ndani au nje, kisha mahali, kisha mchana au usiku. Jina la msemaji hukaa karibu na katikati ya ukurasa, na maneno yake hushuka chini yake katika safu nyembamba ya herufi kama 35. Vitendo vyote huandikwa kwa wakati uliopo. Na ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu.

Niliposikia hayo nikadhani ni urasimu mtupu. Nilibadili mawazo nilipoelewa jinsi filamu inavyopigwa. Haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Kama jikoni kwa Bibi kuna maonyesho manne, la 3, la 17, la 40 na la mwisho, yote hupigwa siku moja, kwa kuwa taa zimekwisha kupangwa na vyombo viko mahali pake. Anayepanga ratiba hasomi hadithi. Hupitia vichwa vya maonyesho tu, akihesabu ndani ngapi, nje ngapi, usiku ngapi. Mtu anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeufanya mswada uwe ramani ya kazi namna hiyo ni Thomas Ince, aliyekuwa akitengeneza filamu huko California katika miaka ya 1910 kwa utaratibu kama wa kiwanda. Mwalimu yeyote atalitambua jambo hili mara moja. Ni andalio la somo. Andalio la somo halikuandikwa ili lipendeze, bali mwenzako aweze kuingia darasani siku ambayo wewe unaumwa.

Basi upande mmoja nawaunga mkono. Tena liko sharti moja ambalo ningependa lisomeshwe hata kwa waandishi wa riwaya: usiandike kisichoonekana wala kusikika. Katika mswada wa mjukuu wangu kuna mjane wa mvuvi ambaye wanawe wanataka kuuza ngalawa ya marehemu. Ukurasa wa 12 ulisema: "Bibi anaketi kando ya ngalawa. Anamkumbuka mumewe." Nikamwuliza, kamera itaonaje kwamba anamkumbuka mumewe, wala si deni la duka? Akanyamaza. Kesho yake akaja na maneno mengine: Bibi anachukua kafi, analifuta mchanga kwa ncha ya kanga, analirudisha mahali pake. Mume hakutajwa, lakini sasa yumo.

Hata hivyo sentensi ile ya kwanza ilikuwa na kosa jingine, na hili ndilo lililonishughulisha kwa majuma mawili. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kusema mtu yuko kitini na akitaka kusema mtu anajiweka kitini, neno moja humtosha kwa yote mawili, na mwigizaji hubaki kukisia. Kiswahili hakina shida hiyo. Tuna "anaketi" na tuna "ameketi". Wa kwanza alikuwa amesimama, sasa anashuka. Wa pili tunamkuta chini tayari. Vivyo hivyo "anavaa" na "amevaa", "analala" na "amelala", "anasimama mlangoni" na "amesimama mlangoni". Kwa kazi ya filamu, ambamo mwili wa mtu lazima uanzie mahali fulani, hiki ni kipawa. Lakini kijana wangu, kwa kuwa alifundishwa kwamba mswada ni wakati uliopo, ameondoa kila "-me-" na kuweka "-na-". Matokeo yake wahusika wake kila onyesho linapofunguliwa wanaketi, wanasimama, wanalala na kuvaa kama jeshi kwenye gwaride. Alitafsiri sharti bila kutafsiri sababu yake. Sharti linataka jambo liwe mbele ya macho, na "ameketi" iko mbele ya macho sawasawa na "anaketi".

Lililoniuma zaidi ni kupotea kwa "-ka-". Akaingia, akatazama huku na huko, akatoka. Hivyo ndivyo masikio yetu yalivyozoea kufuatana kwa mambo tangu hadithi za utotoni. Ukiandika "anaingia, anatazama, anatoka", vitendo vinasimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Nimejaribu kuirudisha katika kurasa tano na nikakubali nimeshindwa, kwa sababu "-ka-" husimulia jambo lililokwisha pita, na mswada wa filamu unataka jambo lisilokwisha. Hapo nimewaachia ushindi.

Ile hesabu ya ukurasa kuwa dakika siwaachii. Kila usemi huchukua mstari wa jina, mstari wa maneno na mstari mtupu. Ukurasa una mistari kama 55, kwa hiyo majibizano mafupi 18 huumaliza. Sasa chukua mtoto wa mwambao anayerudi nyumbani baada ya miaka miwili. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, na kazi, inakwenda. Ukurasa mzima. Mimi na mjukuu wangu tulisoma salamu hizo kwa sauti, yeye kijana mimi Bibi, huku saa ikiwa mezani. Hatukufika hata sekunde 40. Kinyume chake, "Bibi analifuta kafi" ni mstari mmoja, na mwongozaji mwenye busara ataupa dakika nzima. Nasikia wenyewe wanakiri kwamba kipimo hicho ni cha kukadiria. Sawa, lakini makadirio yale yalikadiriwa kwa mazungumzo yao, si kwa yetu.

Kuhusu mchana na usiku sitasema mengi. Wanaruhusu pia alfajiri na machweo, na anayetaka kuandika alasiri aandike. Mtu wa taa ataelewa.

Sasa nirudi kwenye lile lililonichoma. Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari, kijana niliyetoka chuo cha ualimu miaka michache nyuma, na nilijua umbo la kila kitu. Nilitoa zoezi la kutunga mchezo. Mwanafunzi mmoja alileta daftari ambalo halikuwa na majina ya wasemaji upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na masimulizi ya lori lililokwama matopeni na abiria wake, yote yakisemwa na utingo peke yake. Upande wa kushoto, ndani ya pambizo yangu takatifu, alichora lori na kuonyesha kila abiria amesimama wapi. Niliandika kwa wino mwekundu, "Hii si tamthilia", nikampa 9 kati ya 40. Hakuleta utungaji mwingine wa namna ile. Leo anauza vipuri vya magari, tunaamkiana vizuri, na hajalitaja hata siku moja.

Sina kisingizio. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1976, Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuchapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo mtambaji mmoja anaubeba mchezo wote. Mimi darasani nilikuwa bado na Kinjeketile ya 1969, nikidhani ndiyo mpaka wa umbo. Na zile picha za pembeni? Nimekuja kujua kwamba Satyajit Ray wa India hakuwa na mswada kamili alipotengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955; alikuwa na daftari la michoro na maelezo mafupi. Aidha, matangazo ya biashara na filamu za maelezo mara nyingi huandikwa kwa safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Mwanafunzi wangu hakuwa ameona hata kimoja cha vitu hivyo. Alifikiri tu.

Kwa hiyo nilimjibu mjukuu wangu hivi: masharti wana haki nayo, kukataa kusoma hawana. Mswada usio na vichwa vya maonyesho hauwezi kupangiwa ratiba, ni kweli, lakini shindano halipangi ratiba. Linatafuta hadithi. Vichwa huwekwa kwa siku mbili, na kijana yeyote mwenye kompyuta ataviweka. Yule mjane na kafi lake havitengenezwi kwa siku mbili. Wangesoma kurasa kumi, kisha wamwambie arekebishe umbo.

Tumeupunguza hadi kurasa 81. Vichwa vimewekwa, "-me-" zimerudi mahali pake, na yale ya moyoni yameondolewa isipokuwa mawili aliyoyang'ang'ania. Ukurasa wa salamu nilimshauri aukate uwe mistari sita. Amekataa. Anasema nisome tena, nitaona kwamba Bibi anauliza habari za kazi mara tatu na yule mtoto hajibu hata mara moja. Nimesoma tena. Nimeuacha.