Panga la Fuwele Moja

Mhunzi anajua kuwa chuma chekundu hutii nyundo. Kwa mtengeneza majembe hiyo ni neema. Ndani ya injini ya ndege ni balaa. Mapanga ya turbini huzunguka katika gesi inayopita nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali nikeli, kiini cha aloi yake, huyeyuka kwenye 1,455. Hewa inayopenyezwa kwenye vitundu hulipoza panga, lakini mzunguko bado unalivuta kwa nguvu ya tani kadhaa.

Si kwamba linakatika ghafla. Linarefuka kidogo kidogo, saa baada ya saa, hadi vishimo vya ndani viungane kuwa ufa. Na ufa huo hupenda kufuata mipaka kati ya chembe za fuwele zinazounda metali. Kinaya ni kwamba metali ikiwa baridi, mipaka hiyohiyo ndiyo huipa ukakamavu.

Miaka ya 1960, Frank VerSnyder na wenzake wa Pratt & Whitney, Marekani, walianza kwa kuzisimamisha chembe wima, zifuate urefu wa panga, ili mipaka isikae mkabala na mvuto. Halafu wakaifuta kabisa.

Kalibu ya seramiki huwekwa juu ya bamba la shaba linalopozwa kwa maji, katika tanuri lisilo na hewa. Aloi ikimiminwa, fuwele nyingi huota kwenye bamba na kukimbilia juu, zikakuta njia nyembamba iliyojisokota kama mkia wa nguruwe. Zinabanana humo, moja tu ndiyo inayotokeza. Kalibu inaposhushwa taratibu kutoka kwenye joto, hiyo moja hukua ikawa panga zima. Injini za ndege za abiria zilianza kuyatumia mapanga hayo mwaka 1982.

Faida nyingine ilijificha kwenye mapishi. Kaboni na boroni zilizokuwa zikitiwa ili kuimarisha mipaka hazikuhitajika tena, na kuziondoa kulipandisha joto ambalo aloi huanza kuyeyukia. Ndani yake vimebaki vijimchemraba vya nikeli na alumini, vyenye tabia ya kushangaza: nguvu zake huongezeka kadiri joto linavyopanda, hadi karibu nyuzi 800, ndipo zinaposhuka.

Mwisho panga huchovywa kwenye asidi na kugeuzwageuzwa mwangani. Likionyesha mng'ao wa aina mbili, fuwele ya pili imepenya, na panga hukataliwa.