Balbu Yenye Meno

Katuni za kufundisha umma kuhifadhi umeme zina mhusika wao kipenzi: balbu yenye macho na meno, inayotuamuru tuzime taa. Nilimwonyesha moja jirani yangu hapa Mtongwe. Akaitazama, akauliza, "Sasa hii yamwambia nani? Mimi tokeni zikiisha nalala giza. Nizime nini tena?"

Swali lake latosha kuwa uhakiki. Mchoraji amemkaripia mfujaji ambaye hapa hayupo. Kwenye nyumba zetu za kupanga, chumba kimoja balbu moja, tokeni wapangaji wanachangiana. Hebu piga hesabu: pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima hula yuniti moja. Yuniti hiyo hiyo huwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Basi mbona taa ndiyo inayosemwa, pasi haichorwi? Na jiko la makaa, linalomla mama pesa kila siku, liko wapi?

Si kwamba katuni haiwezi kufundisha. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi miaka mingi kwenye Taifa Leo bila kutuhubiria. Alikosea yeye, tukacheka, kisha tukajiona. Shujaaz, kijarida cha vibonzo kilichoanza 2010, kilikuwa na njia nyingine. Boyie, kijana wa redio ya chumbani, alitoa maarifa kama anayekupa siri, hata ile ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Msomaji hakuambiwa "fuga vizuri". Alipewa kitu cha kujaribu kesho. Kasoro yake, kwa masikio ya huku, ni Sheng: kijana aelewa, nyanya yake abaki ng'ambo kama aliyekosa feri.

Katuni ninayoingoja ni hii. Mama anapuliza jiko kuukuu la bati, moshi macho yote. Mlango wa pili, jiko lenye kauri ndani limeshika moto, makaa kiganja tu, wali umeshaiva. Chumbani, baba anachomeka pasi kwa shati moja, kama jana na juzi, huku akimfokea mtoto kwa kusahau taa.

Hapo tungecheka sote. Huyo baba twamjua. Mimi mwenyewe ndiye.